Dawa ya huzuni kwa ngozi inayowasha: utafiti unasema nini, na hatari iko wapi

Mgonjwa anaenda kwa muganga juu ngozi inamuwasha usiku na mchana. Anarudi nyumbani na ordonansi, anapita famasi, anafungua sanduku, na kwenye ile karatasi ya ndani anasoma kwamba dawa aliyopewa ni ya kutibu depresio, ni kusema ule ugonjwa wa huzuni nzito. Hapo wengi wanakasirika. Wamoja wanafikiri muganga amewaona kuwa wenda wazimu. Mjini Bukavu, ambako jina la SOSAME linajulikana kila mahali kuwa kituo cha magonjwa ya akili, hakuna anayependa jirani amkute na dawa ya namna hiyo kwenye meza. Wengine wanaitupa bila kumeza hata kidonge kimoja. Na kuna wale wa upande mwingine: wamesikia kwamba ile dawa ilimsaidia mtu fulani na muwasho, wanaenda kuinunua bila karatasi ya muganga.

Makundi haya mawili yote yanakosea, kila moja kwa njia yake.

Dawa zenyewe zinaitwa trisikliki, kwa sababu molekuli yao imejengwa kwa pete tatu zilizoshikana. Inayotajwa zaidi katika tafiti za ngozi ni doksepini. Ndugu yake amitriptilini ndiyo inayojulikana zaidi na waganga wa Afrika, juu iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya OMS, Shirika la Afya Duniani. Wanaotumia dawa za Ufaransa wanaijua kwa jina la Laroxyl. Dawa hizi zinaweza kutuliza muwasho wa ngozi, na hazifanyi hivyo kwa kupitia huzuni ya mgonjwa. Zinafunga njia ya histamini, kemikali ileile ambayo dawa za kawaida za aleji zinaifunga. Lakini utafiti wake ni mdogo na wa zamani, na kipimo kikipita, dawa hizi zinaua haraka kuliko dawa nyingi za aleji zilizo kwenye famasi leo.

Vivimbe vinavyokuja na kuondoka

Ugonjwa unaozungumziwa zaidi hapa ni urtikaria, ambao kwa Kifaransa kila muuguzi anauita urticaire. Ngozi inatoa vivimbe vyekundu ao vya rangi ya ngozi yenyewe, vimeinuka kama mtu aliyeguswa na upupu, vinawasha sana, kisha vinapotea. Alama kubwa ya kuvitambua ni saa: kivimbe kimoja hakikai mahali pake zaidi ya saa 24, na kikiondoka hakiachi kovu. Asubuhi kiko kwenye paja, jioni kiko mgongoni. Mgonjwa anafika kwa muganga akiwa hana hata alama moja, na wakati mwingine haaminiwi.

Inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano anapata urtikaria angalau mara moja katika maisha yake. Mara nyingi ni ya siku chache, nayo inafuata chakula kama mayai, karanga ao samaki, ama dawa kama penisilini, aspirini na ibuprofeni, ama maambukizi ya kawaida. Ikipita wiki 6 inaitwa sugu. Hapo ndipo shida inaanza, juu katika urtikaria sugu wagonjwa wengi hawapatikani na sababu yoyote ya nje. Mwili wenyewe ndio unajichokoza. Familia inazunguka: leo wanakataza sambaza, kesho wanakataza nyama, kesho kutwa mtu anataja karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa sana Kivu. Mgonjwa anakonda kwa kukatazwa chakula na vivimbe vinaendelea vilevile.

Kinachotokea chini ya ngozi kinajulikana vizuri. Kuna seli zinazoitwa mastositi, zimejaa vifuko vya histamini. Zikichokozwa, zinamwaga histamini. Histamini inashika kwenye vipokezi vilivyo kwenye mishipa midogo ya damu na kwenye neva. Mishipa inavuja maji, ngozi inavimba. Neva zinapeleka habari ya muwasho kwenye ubongo. Vipokezi vinavyohusika zaidi vinaitwa H1. Viko pia vya H2, ambavyo ni vichache kwenye ngozi lakini ni vingi tumboni, mahali vinaposaidia kutoa asidi. Simetidini, dawa ya zamani ya vidonda vya tumbo, inafanya kazi kwa kufunga hivyo vya H2.

Dawa za ukoo mmoja

Anayeshangaa kwamba dawa ya huzuni inatibu aleji angeshangaa kidogo kama angejua zilikotoka. Katika mwaka wa 1937, kwenye Institut Pasteur ya Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walipata molekuli ya kwanza iliyofunga histamini. Ilikuwa na sumu, haikufaa kwa watu, lakini ilifungua njia, na Bovet alipata tuzo la Nobel mwaka wa 1957. Miaka ya 1940 kampuni ya Rhône-Poulenc, ya Ufaransa pia, ikatoa prometazini. Ni ile Phénergan ambayo mama wengi wa Congo wanaijua kama siro ya kikohozi na aleji inayolaza mtoto.

Na ni huko kulaza ndiko kulikovuta macho ya waganga. Henri Laborit, mpasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa, aliona kwamba wagonjwa waliopewa prometazini wanatulia kuliko kawaida. Kampuni ikatafuta molekuli ya jirani yenye kutuliza zaidi, ikapata klorpromazini. Kuanzia 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwenye hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris kwa wagonjwa wa akili. Uswisi, kampuni ya Geigy ikajaribu kufuata njia hiyo na molekuli yake ya pete tatu, imipramini. Muganga Roland Kuhn, kwenye hospitali ya Münsterlingen, akaona kwamba haiwasaidii wenye skizofrenia, lakini wale wenye huzuni nzito wanaamka. Akatangaza hayo mwaka wa 1957. Hiyo ndiyo trisikliki ya kwanza.

Ni kusema dawa za huzuni ni wajukuu wa dawa za aleji. Doksepini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 1969 na kuuzwa kwa jina la Sinequan, ilizaliwa katika ukoo huo, na ilibeba damu ya babu zake bila mtu kuiangalia kwa karibu.

Kuiangalia kulianza mwaka wa 1977. Jack Peter Green na Saul Maayani, watafiti wa New York, walionyesha kwamba trisikliki zinafunga vipokezi vya H2 kwenye ubongo. Mwaka uliofuata Elliott Richelson, wa Mayo Clinic katika jimbo la Minnesota, akaonyesha kwamba zinafunga pia H1. Zilipopimwa moja moja, doksepini ilikuwa mbele sana. Kwenye mirija ya maabara ilishika kipokezi cha H1 kwa nguvu mara mamia kuliko difenhidramini, dawa ya aleji iliyotumika sana Marekani wakati huo. Hesabu ya maabara haimaanishi kwamba mgonjwa atapona mara mamia zaidi. Inaonyesha tu kwamba kiasi kidogo sana cha doksepini kinatosha kuziba mlango.

Kutoka maabara hadi ngozi ya mtu kulikuwa na hatua moja. Mwaka wa 1982, mtafiti Timothy Sullivan aliwachoma watu histamini kidogo chini ya ngozi, akapima ukubwa wa kivimbe kabla na baada ya kuwapa dawa. Doksepini ikazuia kivimbe kwa nguvu. Watu hao hawakuwa wamechaguliwa juu ya huzuni yao. Ilikuwa ngozi, sindano na rula tu.

Wagonjwa 50, dawa mbili

Utafiti unaotajwa mpaka leo ulitoka mwaka wa 1985, kazi ya waganga Greene, Reed na Schroeter. Walichukua wagonjwa 50 wa urtikaria sugu. Kila mmoja alipewa dawa mbili kwa zamu: doksepini 10 mg mara tatu kwa siku, na difenhidramini 25 mg mara tatu kwa siku. Mgonjwa hakujua anakunywa ipi, na muganga aliyempima hakujua pia. Njia hii iko na faida kubwa: mgonjwa analinganishwa na yeye mwenyewe, na tamaa ya muganga haiingii kwenye hesabu.

Doksepini ilifuta kabisa muwasho na vivimbe kwa 43% ya wagonjwa; difenhidramini, 5%. Ukiwahesabu pamoja na waliopata nafuu ya nusu, ilikuwa 74% kwa 10%. La kushangaza ni usingizi. Wengi wangetazamia dawa ya akili ilaze zaidi, lakini waliolalamikia usingizi walikuwa 22% kwa doksepini na 46% kwa difenhidramini.

Hapa ndipo lile swali la wazimu linapata jibu lake, na jibu liko kwenye kipimo. Kwa depresio, waganga wanatoa doksepini kuanzia karibu 75 mg kwa siku na kupanda mpaka 150 mg, hata zaidi. Wagonjwa wa 1985 walikunywa 30 mg. Leo wengine wanaanzishiwa 10 mg tu, usiku. Tena kuna suala la muda. Dawa ya huzuni inaomba wiki mbili, tatu, nne kabla ya mgonjwa kuona tofauti, lakini histamini inafungwa ndani ya saa chache. Muganga anayetoa kipimo kidogo hivyo kwa muwasho hatibu huzuni, hata kama anataka.

Kweli, mtu asiyelala miezi mitatu kwa kujikuna anaweza kuanguka pia katika huzuni. Hilo linaonekana mara nyingi, na waganga wa ngozi wanalijua. Lakini huzuni hiyo imekuja nyuma ya muwasho, haikuuleta.

Tafiti nyingine zilifuata njia hiyo. Finland, inchi ya barafu, mwaka wa 1984 waganga walilinganisha doksepini na dawa nyingine tatu kwa watu ambao vivimbe vyao vinaletwa na baridi, na wakaiona kuwa yenye kufaa. Iran, mwaka wa 2007, ilijaribiwa kwa wagonjwa 24 wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Wagonjwa hao wanawashwa vibaya sana, na dawa za aleji za kawaida haziwasaidii kitu. Kwa doksepini 10 mg mara mbili kwa siku, 14 kati yao muwasho uliisha kabisa. Kwa kidonge kisicho na dawa, 2 tu. Marekani iliruhusu mwaka wa 1994 hata pomade ya doksepini ya 5% kwa ajili ya egzema, lakini kwa siku 8 tu, juu dawa inapenya ngozi, inaingia kwenye damu na kulaza mtu, na wamoja ngozi yao inaikataa na kuanza kuwaka upya. Dawa ya muwasho inayoleta muwasho: haikupata wapenzi wengi.

Kwa nini haiko ya kwanza

Hesabu za 1985 zinapendeza, lakini wagonjwa 50 ni wachache. Wagonjwa 24 ni wachache zaidi. Tena doksepini ilishindana na dawa dhaifu, ya kizazi cha kwanza. Haikushindanishwa kwenye tafiti hizo na setirizini ao loratadini, ambazo zilikuja baadaye, hazilazi sana na hazigusi moyo namna hiyo. Molekuli ya zamani ambayo kila kiwanda kinaweza kuitengeneza haina wa kuilipia utafiti mkubwa, na ndivyo ilivyobaki.

Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa urtikaria, uliotengenezwa upya mwaka wa 2022, unaanza na dawa za aleji za kizazi cha pili, kidonge kimoja kwa siku. Isipotosha, muganga anaweza kupandisha mpaka mara nne ya kipimo hicho. Isipotosha tena, kuna sindano ya omalizumab kila wiki nne, kisha siklosporini. Mwongozo huo hautaki dawa za aleji zinazolaza kama desturi. Waganga wa aleji wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2014, waliiacha doksepini kwenye hatua ya tatu, pamoja na hidroksizini, ile Atarax.

Kwa mgonjwa wa Shabunda ao wa Fizi, omalizumab ni hadithi ya ngambo. Ndiyo maana swali la trisikliki lina uzito zaidi kwenye inchi maskini kuliko kule zilikofanyiwa utafiti: ni dawa ya bei ndogo, na pale setirizini imeshindwa hakuna nyingi nyingine za kujaribu. Lakini tatizo moja linajificha hapo. Tafiti zote zilizotajwa ni za doksepini. Muganga wa kwetu anapokosa doksepini anaandika amitriptilini, kwa kuwa ni ya ukoo uleule na inafunga H1 pia. Mantiki yake si mbaya. Ila uthibitisho wa amitriptilini kwa urtikaria ni mchache mno. Inajulikana zaidi kwa maumivu ya neva. Mgonjwa iko na haki ya kuambiwa hivyo, na ya kuuliza baada ya wiki mbili tatu: je, imesaidia? Kama haikusaidia, hakuna sababu ya kuendelea kuinunua.

Muwasho ambao si urtikaria

Kosa linaloonekana sana ni kumeza dawa ya kutuliza muwasho kabla ya kujua unatoka wapi. Upele, ule ambao Kifaransa kinauita gale, unawasha usiku na kuingia katikati ya vidole, kwenye kiuno, kwenye makalio, na nyumba nzima inajikuna. Hapo trisikliki inaficha tu. Mdudu anaendelea kuzaa. Nyumba yote inatibiwa siku moja, na nguo na mablanketi yanafuliwa kwa maji ya moto. Kandokando ya mito yenye maji ya kasi kuna onkoserkozi, ugonjwa wa upofu wa mto, ambao mara nyingi unatangulia kwa ngozi kuwasha na kuwa kama ya mzee kabla ya macho kuharibika. Congo ni moja ya inchi zilizoguswa nao sana. Dawa yake ni ivermektini, inayogawanywa bure vijijini tangu kampuni ya Merck ilipoahidi kuitoa mwaka wa 1987.

Kuna pia minyoo, ini lililochoka lenye kugeuza macho manjano, figo zinazokufa, kisukari, na VIH, ambayo mara nyingine inajitangaza kwanza kwa vipele vinavyowasha mikononi na miguuni. Mwanamke mwenye mimba kubwa anayewashwa viganja na nyayo usiku, bila kipele chochote, asingoje: ini lake linaweza kuwa na shida inayotishia mtoto tumboni. Wazee wanakumbuka muwasho wa klorokini, ile Nivaquine, iliyowafanya watu waikimbie hata kabla malaria haijaizoea. Na tangu mpox ilipotokea Kamituga katika mwaka wa 2023, kila kipele kinatia watu hofu. Tofauti ni ile ya saa: cha mpox kinabaki palepale kwa siku nyingi, kinajaa maji, kinakauka na kuanguka, cha urtikaria kesho hakiko.

Na vivimbe vikija pamoja na midomo ao ulimi kuvimba, sauti kukwama, pumzi kuwa fupi ao mtu kuanguka, hiyo si kazi ya kidonge chochote. Ni hospitali mara moja, kwa sindano ya adrenalini.

Moyo, Coartem na pikipiki

Trisikliki inagusa vipokezi vingi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana inaleta matatizo mengi madogo: mdomo kukauka, choo kuwa kigumu, macho kutoona vizuri ya karibu, uzito kupanda, kizunguzungu mtu akisimama haraka. Mzee mwenye prostate iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Mwenye glokoma ya pembe nyembamba anaweza kupoteza jicho. Aliyetoka kupata shambulio la moyo haruhusiwi kuimeza. Wamotari na madereva wa magari makubwa wanapaswa kujua kwamba usingizi wa kidonge cha usiku unaweza kufika mpaka asubuhi, na Primus, kasiksi ao lotoko inauzidisha. Kwa vijana wa chini ya miaka 25, idara ya dawa ya Marekani inalazimisha onyo kwenye kila sanduku la dawa za depresio, juu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa matibabu.

Mchanganyiko na dawa nyingine ndio unaosahauliwa zaidi. Trisikliki zinaweza kurefusha kipindi fulani cha mapigo ya moyo, na kinini inafanya hivyohivyo. Coartem pia, kwa kiasi kidogo. Mgonjwa anayekunywa amitriptilini ya muwasho kila usiku, akipata malaria, lazima amwambie muuguzi. Wale wa kifua kikuu sugu wako kwenye hatari zaidi: bedakilini na moksifloksasini zinagusa moyo, na linezolidi inaweza kugombana na trisikliki kwenye ubongo. Ritonavir, simetidini na fluoksetini zinazuia ini kuvunja trisikliki, na kipimo kidogo kinageuka kuwa kikubwa ndani ya damu. Aliyeitumia kwa miezi asiiache ghafla. Muganga anaipunguza hatua kwa hatua.

Lakini hatari inayozidi zote iko kwenye kabati ya nyumba. Kwa dawa za ukoo huu, umbali kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua ni mfupi. Kwa mtoto, waganga wa sumu wanahesabu hivi: akimeza zaidi ya 5 mg kwa kila kilo ya mwili, apelekwe hospitali, kuanzia 10 mg kwa kilo anaweza kufa. Mtoto wa kilo 10, ni kusema wa karibu mwaka mmoja, anafikia kiwango cha kwanza kwa vidonge 2 vya 25 mg, na cha pili kwa vidonge 4. Vidonge vinavyouzwa vya kuhesabu, vikifungwa kwenye karatasi ao kafuko ka plastiki, havina kifuniko cha kumzuia, na mtoto anaviona kama bonbo.

Dalili zinaweza kuanza ndani ya saa moja: usingizi usio wa kawaida, ngozi kavu na ya moto, moyo kwenda mbio, kisha degedege. Mtoto asitapishwe kwa nguvu, juu anaweza kuzimia katikati ya kutapika na kuvuta matapishi kwenye mapafu. Maziwa ao mafuta ya mawese hayaondoi dawa hii tumboni. Sanduku ao karatasi ya vidonge iende pamoja naye, na vilivyobaki vihesabiwe, ili muganga ajue ni dawa gani na kiasi gani. Hospitali itaangalia moyo kwa mashine ya ECG, na moyo ukiwa umeguswa itatia bikarbonati ya sodiamu kwenye mshipa. Hata mtoto anayefika akicheza anachungwa kwa angalau saa 6, sababu moyo unaweza kubadilika nyuma ya pale.